Kifungua Kopo cha Baba

3 Februari

Mdogo wangu Msomi,

Salamu nyingi. Sisi wazima, isipokuwa Baba, ambaye anasema yeye ni nusu mzima, na ukimuuliza nusu ipi anakuonyesha ya kushoto. Mkono wa kulia haujapata nguvu tangu kile kiharusi. Macho nayo ni yaleyale: anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu anayepita, basi. Barua yako ilifika Jumanne nikamsomea palepale karakanani, amekaa kwenye kiti chake karibu na jiriwa ya kubania bati.

Umeuliza kazi inakwendaje. Inakwenda. Wiki hii nimeziba sufuria tisa, nimekunja mifereji miwili ya paa na kutengeneza ndoo moja ya kumwagilia maua. Mwenye ndoo alipoingia alinikuta nimevaa aproni, nyundo mkononi, risasi ya kulehemia inayeyuka jikoni, akaniuliza, "Fundi yuko wapi?" Nikamwambia, "Ametoka kidogo, niachie maagizo." Akaniachia. Leo amekuja kuchukua ndoo yake, kaigeuza huku na huku, kasema nimpe fundi shukrani. Nimempa.

Lakini nililotaka kukuandikia ni haya makopo ya kiwandani kwenu. Baba ameanza kupenda soda ya kopo, anasema inakata kiu kuliko maji. Sasa ile pete ya juu, kuichomeka kidole na kuivuta, kwake ni vita. Na hakubali kufunguliwa. "Nimekata bati miaka arobaini, leo nifunguliwe kopo kama mtoto?" Wiki iliyopita alichukua kisu akakichoma kwenye kifuniko kwa mkono wa kushoto. Kikateleza, akajichana kiganja. Nilimfunga kitambaa, kisha nikakaa na kipande cha chuma cha springi.

Nimemtengenezea kitu. Mbele kina ndoano inayoingia chini ya pete, katikati kinaegemea ukingo wa kopo, nyuma ni bapa ya kukandamiza. Hahitaji kuvuta, analaza uzito wa mkono tu na kifuniko kinaachia. Unakijua kidole gumba chake cha kulia, kile kilichopinda alipopigwa na nyundo. Nilikipima kwa uzi akiwa anasinzia, nikagonga bonde la kukikalisha. Sasa anafungulia makopo kila anayeingia, hata asiye na kiu.

Nimekichora hapo chini ucheke.

Baba anakusalimu. Kuhusu habari zako, amesema sawa.

Dada yako


24 Februari

Dada, shikamoo.

Nimecheka ndani ya basi la kiwanda mpaka aliyekaa karibu nami akasogea. "Fundi ametoka kidogo"! Siku moja watakuja kukudai huyo fundi.

Ila kuna neno limenikaa rohoni. Nilijaza kurasa nne kumweleza Baba jinsi nilivyotolewa kwenye mashine na kukalishwa meza ya ubunifu wa vifuniko. Nilimwandikia hata habari za presi, ile mashine ya kupiga chapa vifuniko, na harufu ya mafuta, nikijua atazipenda. Na yeye amesema "sawa" tu? Hakuuliza kitu?

Hapa kazini kuna chumba nyuma ya ghala, tunakiita chumba cha makopo ya zamani. Mhandisi mkuu alinipeleka mwenyewe. Nilimkumbuka Baba sana. Mikebe ya chakula ya mwanzo kabisa ilikuwa ya chuma kinene, imelehemiwa kwa mkono, mmoja mmoja, na mafundi kama yeye. Na unajua ilikuwa inafunguliwaje? Kwa tindo na nyundo! Maagizo yake yalisema hivyohivyo. Kifungua mkebe chenyewe kilikuja karibu miaka hamsini baadaye. Miaka hamsini, Dada! Watu wanajua kufunga chakula kisioze, na hakuna aliyekaa kumfikiria mwenye njaa.

Makopo ya kwanza ya vinywaji nayo yalikuwa na kifuniko bapa, huna pa kushika. Lazima uwe na kidude chenye ncha utoboe matundu mawili, moja la kunywea na jingine la kuingiza hewa. Ukikisahau nyumbani unabaki na kiu umekumbatia kinywaji. Ndipo ikaja pete. Na pete ikaja na balaa lake: watu wakaitupa ovyo ikawa inakata nyayo za wengine, na wapo walioitumbukiza ndani ya kopo wakaimeza. Sisi sasa tunahamia kifuniko kisichobanduka. Ulimi unauinua, unasukuma kipande ndani, na kila kitu kinabaki kwenye kopo. Huo ulimi ndio kazi yangu. Ule mstari uliokatwa kwenye bati ukizidi kina kwa unene wa unywele, kopo linapasukia dukani. Ukipungua, mtu anavunjika kucha.

Na kucha ndizo zinazotusumbua. Wazee wanatuandikia kulalamika. Kwa hiyo mchoro wako sikuucheka. Nichoree tena vizuri, utie vipimo.

Nikwambie kweli: nakuonea wivu. Wewe una kiti cha Baba pembeni yako siku nzima. Mimi nina makopo.

Mdogo wako


12 Machi

Msomi,

Mchoro huu hapa, na vipimo vyote kwa milimita, maana najua watu wa meza hawapendi "kama hivi". Bonde la kidole nimelichora pembeni, mara mbili ya ukubwa wake. Usinicheke mistari, sikufundishwa kuchora popote.

Kiti cha Baba pembeni yangu, unasema. Chukua wiki moja ukae nacho. Ananisikiliza nikipiga nyundo na kuniambia nimepiga pembeni, na kweli nimepiga pembeni, na hilo ndilo linaloudhi. Anajua kwa sauti. Kutwa nzima hanisifii kitu. Hodi zikibishwa anageuza kichwa kwanza upande wa njia ya posta.

Habari za chumba cha makopo nimemsomea. Hakusema zaidi. Unamjua.

Halafu watu wa mtaa huu wananiuliza habari zako kila siku. Sijui nani anawaeleza.

Dada yako


2 Aprili

Dada, shikamoo.

Mambo yamekwenda mbio. Ulimi wangu umepita majaribio, na kiwanda kimetoa tuzo ya mwaka kwa idara yetu. Picha nimeitia humu, mweleze Baba ilivyo: nimesimama katikati, koti la kuazima, nimeshika kopo kama mtu aliyekamatwa nalo.

Pia kuna wazo jingine la kuwasaidia wazee limekubaliwa. Nitakueleza vizuri tukionana.

Na hilo ndilo ombi langu. Nina likizo mwezi wa Agosti. Miaka mitatu sijafika nyumbani, na mara ya mwisho Baba alikuwa bado anaona sura yangu. Muulize, Dada. Muulize kwa maneno haya: "Anataka kuja kukaa nawe mwezi mzima, unamtaka?" Akisema ndiyo, nakata tiketi. Akisita, niambie amesitaje.

Mdogo wako


17 Aprili

Msomi,

Hongera kwa tuzo. Picha imefika.

Nimemuuliza Baba. Amesema kazi kwanza.

Mvua imeingia, paa za watu zinavuja, sina nafasi ya kuandika marefu.

Dada yako


8 Mei

Dada,

Nimekaa na barua yako wiki mbili. Kazi kwanza. Kumbe ndivyo.

Sasa nitakwambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikuwa nalainisha ukingo wa bakuli, nimejitahidi asubuhi nzima, ulimi nje. Baba akaja, akanitoa tupa mkononi, akakupa wewe. Mbele yangu. Akasema, "Wewe nenda ukasome." Ukaichukua bila hata kunitazama, ukaendelea pale nilipoishia, na ulipiga vizuri kuliko mimi. Ile sauti ya tupa ilinifuata mpaka mlangoni.

Kila nilichofanya tangu siku hiyo nimekifanya ili anirudishie ile tupa. Shule, chuo, kiwanda, tuzo. Nikamwandikia kurasa nne, akasema sawa. Nikaomba kuja, akasema kazi kwanza. Alikuchagua wewe, Dada, na hajabadilisha nia. Sikulaumu. Lakini usiniambie tena kwamba kiti chake kinaudhi.

Agosti nitabaki hapa.

Mdogo wako


30 Juni

Kwako wewe, Mbunifu,

Leo sikuiti Msomi, maana nimeona cheo chako kipya kimechapwa kwenye karatasi.

Jumamosi nilimshika Baba mkono tukaenda duka la vinywaji la pale kona. Kwenye kaunta kuna kifaa kimening'inizwa kwa kamba, na chini yake karatasi yenye rangi ya kiwanda chenu: kifungua kopo kwa ajili ya wazee na wenye mikono dhaifu, kazi ya mbunifu wetu wa vifuniko. Na picha yako, koti lilelile la kuazima.

Nilikishika. Sikuhitaji kukipima. Ndoano yangu, egemeo langu, bapa yangu. Hata bonde la kidole mmeliacha vilevile, limepinda kushoto! Mmepiga chapa maelfu ya vyuma na hakuna hata mmoja wenu aliyejiuliza kwa nini kimepinda.

Hilo ningelimeza. Sikiliza lililofuata. Baba aliuliza nimeshika nini. Kabla sijajibu, mwenye duka akamsomea karatasi, akampa kifaa. Baba akakishika kwa mkono wa kushoto, akakipapasa, uso ukang'aa kama taa. "Mwanangu huyo!" akapaza sauti. Mama Cherehani, jirani yetu, alikuwepo, na watu wengine sita. "Mnaona? Mwanangu huyo! Kumbe hata kile cha nyumbani dada yake aliiga kwake!"

Dada yake aliiga kwake. Nimesimama pale nimebeba mfuko wa soda zake.

Unasema ulinyang'anywa tupa. Mimi siku ileile nilitolewa shule, hukumbuki? Nilikuwa wa pili darasani. Nilipokea tupa yako huku daftari zangu zikitiwa kwenye kapu la kuwashia moto wa risasi. Sikukutazama kwa sababu nilikuwa nalia. Miaka ishirini nikikutazama ukisoma, nikasema basi, angalau mikono hii ni yangu, hii hawezi kunichukulia. Sasa umechukua na mikono.

Kwa hiyo na mimi nikwambie nilichochukua. Barua zako simsomei Baba. Namsomea salamu za juu na jina la chini. Zile kurasa nne hajazisikia. Habari za tindo na nyundo hajazisikia, na angezipenda, najua. Nilianza mwaka jana, siku uliyoandika kuwa umenunua meza ya kusomea. Niliruka mstari mmoja, na hakuna kilichotokea. Ikawa rahisi.

Na "kazi kwanza" ni maneno yangu. Sikumuuliza kitu.

Hapo tuko sawa.

Dada


9 Julai

Dada,

Nimesoma barua yako mara nne. Mara ya kwanza nilitaka kuichana. Mara ya pili niliichana, kwa hiyo mara mbili zilizobaki nimeisoma kwa vipande.

Mhandisi mkuu alipita mezani kwangu, mchoro wako uko juu. Akauinua. Akasema, "Hiki kitu ni kizuri sana. Chako?" Nikasema, "Ndiyo." Lilitoka kabla sijafikiri, halafu nilifikiri na sikulirudisha. Nilikuwa na siku nzima ya kulirudisha, kisha wiki, kisha miezi mitatu. Nikijitetea nitakuwa muongo mara mbili. Nilijua kilichoko mikononi mwangu: kitu ambacho Baba amekitumia na kukipenda. Nilitaka mara moja kiwe changu.

Lakini Dada, uliniacha nikimchukia Baba bure tangu Aprili. Ungeniibia kitu kingine chochote.

Nimemwandikia yeye mwenyewe. Barua nimeipeleka kwa Mama Cherehani, nimemwomba amsomee neno kwa neno, na mambo ya kwangu na ya kwako yote yamo. Usijaribu kuizuia.

Mdogo wako


22 Julai

Mwanangu,

Anayeandika ni Mama Cherehani, maneno ni ya baba yako. Amesema nisipambe.

Barua yako nimesomewa yote. Mama Cherehani anasoma kama anavyoshona, polepole na bila kuruka, kwa hiyo kila neno limeniingia masikioni. Nilimwambia arudie pale pa tindo na nyundo. Marehemu babu yako alifungua mikebe hivyo, na alijikata kila mara, nami sikujua kama ndivyo ilivyoagizwa. Nilidhani ni ujinga wake.

Nilidhani umenisahau. Napewa bahasha niipapase, nene, kisha nasomewa mistari miwili. Nikawa najisemea, labda humo ndani kuna picha tupu. Kwa watu nilikuwa nakusifu ili wasijue. Kila aliyeingia karakanani nilimweleza mambo yako, na mengine nimeyatunga. Kuna mtu mtaani anaamini wewe ndiye mwenye kiwanda.

(Hapa amecheka. Mimi naandika tu.)

Sasa kuhusu kile kifaa. Dukani nilikishika kwa mkono wa kushoto nikapiga kelele. Tulipofika nacho nyumbani nikakishika kwa huu wa kulia, ulio kama gogo. Kidole kikaingia kwenye bonde kikatulia. Nikajua palepale. Kiwanda hakinijui kidole changu. Mtu aliyenipima kwa uzi anadhani nilikuwa nimelala. Nilijua, mwanangu, na sikumwambia dada yako kitu, kwa sababu nilikuwa nimeshasema mbele za watu, nikaona aibu kurudisha maneno. Wiki tatu nikawa namsikia akipiga nyundo kwa hasira, na pigo hata moja halikwenda pembeni.

Kwa hiyo usijione mwizi peke yako.

Na ile tupa. Mwalimu wako alikuja akaniambia kichwa chako ni cha hesabu, nikikuacha karakanani nimekizika. Na mimi kazi zilinizidi, nilihitaji mikono mingine. Nikakutoa wewe, nikamtoa yeye shule, siku moja, kabla ya chakula cha mchana. Sikumweleza mtu. Niliona nimepanga karakana vizuri. Sikuona kuwa nimepanga watoto. Dada yako alikuwa anasoma vizuri kuliko wewe. Mwalimu alisema na hilo, nikajifanya sikusikia.

(Amesema nifute hilo. Nimekataa. Tumebishana. Limebaki.)

Dada yako hajasema neno tangu niliposomewa barua. Anapika, anafanya kazi, ananipa dawa, kimya. Leo asubuhi nilimwambia, "Mwanangu, kile kifaa ni chako, nilijua." Akasema, "Ndiyo, Baba," kama anayejibu mteja.

Njoo. Usingoje ruhusa yake, nyumba bado ni yangu. Na usije na zawadi, njoo na mikono.

Baba yako


3 Agosti

Dada, shikamoo.

Nakuandikia wewe kwanza, kabla sijapanda basi, usije ukasema nimepita mlango wa nyuma.

Jumatatu niliingia kwa mhandisi mkuu nikamweleza. Nilitaka aghadhibike, nimalize haraka. Hakughadhibika. Alivua miwani, akaniuliza, "Huyo dada yako amesomea wapi?" Nikamwambia hakusomea popote. Akasema, "Basi wewe uliyesoma, nenda chini kwenye presi mpaka ujue maana ya kazi ya mtu." Nimerudishwa kwenye mashine tangu siku iliyofuata. Karatasi zenye picha yangu zimeondolewa madukani. Wenzangu wananiita Koti la Kuazima.

Kiwanda kitakuandikia. Wanataka ruhusa yako, na wanataka uje ukae siku chache na watu wa kalibu, wale wanaounda umbo la kupigia chuma, maana kuna mambo mawili kwenye mkunjo wa egemeo hawajayaelewa. Hata mimi sikuyaelewa. Nilijifanya.

Sitaki unisamehe kwa sababu ninakuja. Nataka nije hata kama hujanisamehe.

Nafika Alhamisi mchana.

Mdogo wako


14 Septemba

Msomi,

Tangu uondoke nyumba imekuwa kubwa. Siku ya kwanza nilifurahi, nikarudisha jiriwa pale unapojua inakaa. Siku ya pili Baba alikuulizia mara nne, nikahesabu. Siku ya tatu mara tano.

Nataka ujue kwamba sijawa mtu mwema. Ulipokuwa umekaa miguuni pake mnacheka habari za babu na mikebe yake, mimi nilikuwa nyuma nakata bati ambalo halikuhitaji kukatwa. Wewe ulikuja mwezi mmoja ukapata vicheko ambavyo sijavipata miaka mitatu ya kumwosha na kumvisha. Hilo bado linaniuma, na sitaki kukuficha, maana nimeona kuficha kwangu kunafika wapi.

Ila nakumbuka na ile Jumapili ulipochukua tupa. Ulikuwa huwezi kabisa. Baba alikusikiliza kidogo akasema, "Huyo nani anakwaruza?" Nilitoka nje nikacheka mpaka nikakaa chini. Na uliporudi kuniomba nikuonyeshe, ukanipa tupa kwa mikono miwili, niliipokea kwa mikono miwili vilevile.

Barua ya kiwanda imefika. Imeandikwa "Kwa Bwana Fundi". Nimewajibu kuwa Bwana Fundi ametoka kidogo. Nitakwenda Oktoba, wiki moja, Mama Cherehani atakaa na Baba. Picha yangu nimewakatalia. Kwenye karatasi waandike "kazi ya fundi bati", na chini waeleze bonde limepinda kwa sababu gani. Kidole cha mtu kisizunguke madukani bila maelezo.

Nimeanza kumsomea Baba barua zako zote tangu ile ya kwanza kabisa, kila siku baada ya chakula cha mchana, bila kuruka. Ni adhabu ngumu kuliko uliyopewa wewe. Jana tulifika pale uliponunua meza. Nilisoma mpaka mwisho. Baba akaniuliza mbona sauti imebadilika, nikamwambia kwa nini. Halafu akasema, "Ungekuwa na meza ungekuwa mtu hatari." Sijajua kama ni sifa. Nimeamua ni sifa.

Sasa anataka nikuandikie maneno yake, ameketi hapa ananisikiliza kalamu inavyokwenda. Nayaandika kama yanavyotoka.

Anasema: mwambie ile presi aisikilize, ikianza kupiga mara mbili badala ya moja, asimame. Anasema: mwambie Baba anakula vizuri, hilo si kweli, lakini amesema niandike. Anasema tangu uondoke hapa pamepoa. Anasema wewe ni mwanawe mzuri sana na alikuwa anaona fahari kila siku hata aliposomewa salamu tupu. Hilo nimeliandika pia, unaona.

Anasema: na huyo anayeandika, mwandike kuwa hakuna fundi kama yeye. Nimemwambia siwezi kujiandika hivyo. Amesema, "Andika, au nimwite Mama Cherehani." Basi nimeandika.

Ananiuliza kama yameisha. Nimemwambia yake yameisha, bado langu moja. Ananiuliza ni lipi. Nimemsomea kwa sauti kabla sijaliandika, na amecheka hadi kikohozi kikamshika: njoo tena mwakani, mdogo wangu, njoo kabisa, lakini usikae sana.

Dada yako